Kidole Changu Kimenitangulia Ukweni

Jamani, leo nimepaka kidole cha mguu dawa ya viatu.

Nilikuwa nakwenda Puge kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu. Viatu vyangu vya ngozi, vyeusi, vya kamba, nimevisugua tangu alfajiri mpaka unajiona.

Soksi sasa, nyeusi nazo. Moja imetoboka kwenye kidole gumba. Nikakipaka kidole dawa nyeusi, nikajiambia nani atajua.

Kufika, mlangoni nakuta ndala zimepangwa. Ndani wametandika mkeka mpya.

Nikavua, ningefanyaje?

Kila nikikanyaga, doa jeusi. Madoa yakanifuata mpaka mbele ya baba mkwe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Macho yake yapo kwenye mkeka.



Shangazi wa mchumba wangu, ambaye siku zote anashikilia kwamba nina mke Tabora mjini, akainama kukikagua kile kidole. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Nimemsingizia bure. Mwenye mke hatoki nyumbani hivi. Mpokeeni."

Nimepokelewa. Sasa hivi niko uani kwao, nasugua mkeka.

Mnaojua kinachotoa dawa ya viatu, semeni haraka. Mama mkwe amesimama hapa.