Tulimfungia Somoe Chakula

Siku ile naikumbuka mpaka leo, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Kaa chini, mwanangu. Jana nimekusikia ukimwita mkeo pipa mbele ya watu, na watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilishawahi kucheka hivyo hivyo kule Naipingo, na aliyechekwa alikuwa dada yangu wa tumbo moja.

Ilikuwa miaka ile matrekta yanang'oa msitu Nachingwea ili karanga zilimwe. Mume wa dada Somoe alipata kazi huko, akawa anarudi nyumbani mara moja moja. Somoe alikuwa mwembamba, msemaji, mcheshi. Akazaa mapacha, wakafa wote wawili kabla hawajaanza kukaa. Tuliwazika asubuhi, mchana watu wamesharudi shambani. Kwetu wachanga hawakuwekewa tanga la kuomboleza. Akaambiwa anyamaze, atazaa wengine. Basi akanyamaza, akaanza kula. Kiporo, karanga, mihogo mibichi, chochote. Alikula peke yake, haraka haraka, na akimaliza hutulia kidogo. Akanenepa sana.

Mumewe akasema asipopungua kabla ya mavuno atampa talaka. Na kwetu mwenye neno ni mjomba. Mjomba akaagiza chakula kifungiwe, Somoe apewe sahani moja kwa siku, na ufunguo wa ghala nikapewa mimi. Nilikuwa nimetoka unyagoni, najiona mtu mzima. Nikaufunga kwenye pindo la kanga, nikawa natembea kifua mbele. Ebo! Hata askari jela hakunizidi.

Adhuhuri moja tulikuwa tunatwanga mtama, Somoe akanijia. "Mdogo wangu, nipe karanga kiganja kimoja tu. Kichwa kinanichemka." Badala ya kumjibu nikawaita majirani, "Njooni mwone, tembo kavamia ghala!" Wakaja, tukacheka.

Somoe akaanza kutetemeka. Akapiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mtu, akajigonga kichwa kwenye kinu, akajigonga tena, damu ikamtoka. Wanawake wanne tulimshika, hatukumweza. Alikuwa akiita majina mawili tu, ya wale watoto.

Bibi yetu, aliyemzaa mjomba, akaitwa kutoka Narung'ombe. Alifika kesho yake, akamtazama Somoe amelala na kitambaa kichwani, akanigeukia. Hakunipiga, afadhali angenipiga. "Lete huo ufunguo," akasema. Kisha akamwita mjomba, mtu mzima na ndevu zake, akamkaripia mbele yetu sote.

"Mjinga wewe! Mnalinda mdomo, na kinachomuuma kiko kichwani. Chakula ndicho kilichokuwa kikimtuliza. Mmemnyang'anya, mkampa nini badala yake? Kicheko?"

"Mama, mumewe atamwacha."

"Amwache! Mume atapata mwingine. Huyu mjukuu wangu akifa, mimi nitampata wapi?"

Akatandika mkeka uani, akaweka tanga la wale mapacha, mwaka mzima tangu wazikwe. Walionong'ona kuwa si desturi aliwafukuza. Siku tatu Somoe alilia na kusimulia habari za wanawe: huyu ndiye aliyetangulia kucheka, huyu hakulala mpaka aimbiwe. Mimi nilipika, nikampakulia kadiri alivyotaka.

Usidhani alikonda. Hakukonda. Talaka ikaja, na dada yangu akabaki mnene mpaka anaingia kaburini. Lakini hakujigonga tena. Akizidiwa alikuja kwangu, akasema yaliyomjaa. Siku nyingine alikimbilia chungu kama zamani, nami nilinyamaza. Alinisamehe. Mimi sijajisamehe.

Na juzi tu ndipo daktari aliponieleza kwamba ubongo ndio unaopoza hasira na huzuni, na kwamba kwa baadhi ya watu wanene kazi hiyo huulemea, wakala ili watulie, na utulivu wenyewe haudumu. Si wote, akasema. Wapo wanene wenye furaha zao na wala hawana tatizo. Wallahi nilitamani kumzaba kibao kwa kuchelewa kuniambia, ingawa kosa halikuwa lake.

Sasa nisikilize. Mkeo hakuwa hivi kabla mimba yake haijaharibika, nawe unajua, na hukumwuliza hata siku moja moyo wake unasemaje. Ulikuwa wapi? Ukimwona anakula na uso umemwiva, acha kutazama sahani. Muulize kilichomkuta, na akianza kusema usimkatize. Ikibidi, mpeleke kwa daktari, na uende naye, usimtume peke yake. Atapungua au hatapungua, hilo si la kumwekea masharti. Na radhi usiniombe mimi, maana si mimi uliyeniita pipa. Inuka uende kwake sasa hivi, na wale waliocheka wakuone ukienda.

Mungu akulainishie ulimi, mwanangu. Awazeeshe pamoja, na atakayemzika mwenzake amzike akiwa hana la kujutia. Amina.