Nyundo Aliyonipa Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaa chini ya mashua, kichwa nimekiinamisha, nisimwone mkubwa wangu wa kazi usoni. Mkubwa mwenyewe alikuwa baba mkwe wangu, Fundi Simwinga, aliyeunda mashua ndogo za tanga uani kwake, kule bondeni upande wa Ziwa Rukwa. Zamani zetu mke alimheshimu baba wa mumewe hivyo: humwangalii, hamsemezani ovyo, hampokezani kitu mkono kwa mkono. Patasi akiiweka chini, ndipo mimi naiokota.

Basi alinifundisha kwa kusema na ubao.

“Wewe ubao, mwambie huyo aliyekukalia asishindilie pamba kama anatwanga mahindi. Apapase kwanza.”

Wifi yangu Tabita akacheka kule kwenye kinu. “Baba, huo ubao ukikujibu, uniite nami nisikie!”

Kazi yangu ilikuwa kukalafati. Mbao zikishapigiliwa kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo, hubaki mianya kati ya ubao na ubao. Unasokota pamba iliyolowa mafuta, unaisukuma humo kwa patasi butu na nyundo ya mti, juu unapaka lami. Pamba ikipungua, maji yanaingia. Ikizidi, mbao zinaachana. Kipimo ni sikio: nyundo ikianza kulia kavu, acha hapohapo. Halafu, kabla chombo hakijaondoka, tulikijaza maji kwa ndoo kikiwa juu ya magogo uani, tuone kinavujia wapi.

“Heri maji yatoke hapa wakanywe kuku,” fundi aliuambia ubao, “kuliko yaingie kule.”

Niliifanya kazi hiyo mpaka mume wangu, Yotamu, alipozama ziwani na mtumbwi wa kuazima. Nikaweka nyundo chini. Mwanangu wa pekee, Lamek, akakua, naye akataka ziwa lilelile.

Babu yake, wakati huo mtu wa kukohoa, akamuundia mashua. Mlingoti tayari, tanga la magunia limeshonwa. Mimi nikakataa kuigusa. Jua liliizidisha ile mianya, na kila nilipopita nikaiona, moyo ulitulia. Bila kalafati haiendi popote.

“Mama, nitaita fundi wa kule ziwani,” Lamek akaniambia. “Yule anamaliza upesi.”

“Mwite.”

Fundi Simwinga alisikia. Akaja mpaka nilipokuwa napepeta mahindi, nyundo mkononi. Hakutafuta ubao wa kusema nao.

“Mama Lamek, niangalie.”

Nikainua macho. Miaka yote ile sikujua kwamba jicho lake moja lilikuwa na ukungu mweupe. Kumbe ndiyo maana alikuwa anasikiliza nyundo.

“Mtoto ataenda, mwanangu. Na mimi yule aliyezama nilimlea, alikuwa wangu kabla hajawa wako. Usipoziba wewe, ataziba mtu asiyemjua.”

Akaninyooshea nyundo. Tabita aliacha kutwanga. Nikapiga magoti, nikaipokea kwa mikono miwili.

Sijawahi kukalafati vile. Kila mwanya niliupapasa, nikaurudia. Tulipoijaza maji, nililala chini yake, nikapitisha kiganja kwenye mkuku, ule mti wa chini kabisa unaobeba chombo chote, kutoka omo mbele mpaka tezi nyuma. Kiganja kikatoka kikavu. Nikalia hapohapo chini, wao wakidhani nakagua.

Kila mwaka Lamek aliirudisha mashua nyumbani, nami nikaitoa pamba ya zamani nikatia mpya. Nilistaafu siku alipoipandisha nchi kavu mara ya mwisho, mgongo umemkataa. Sasa tunaishi wote Tunduma, malori yananguruma usiku na mchana, naye yuko hapo nje, mvi tupu, anabishana na vijana wa bodaboda.

Vidole vyangu havisikii pamba tena. Nyundo bado ninayo. Anayeitaka kati yenu, wajukuu zangu, asingoje niiweke chini. Aje aniangalie usoni, aipokee mkononi mwangu.