Maharage ya Bucha

Mwanamke ninayemsimulia hapa husimama kwenye meza ya pasi iliyo kando ya yangu, na tumesimama hivyo miaka kumi na mmoja. Kampuni yetu inafua na kunyoosha nguo za hoteli na za watu wasiotaka kujichosha. Mimi ni wa suruali, yeye ni wa mashati. Tunamwita Kola, kwa sababu kola ikishapita mikononi mwake hailegei hata ukilala nayo. Hajawahi kulipenda jina hilo wala kulikataa. Hana nguvu za kubishana na mambo madogo. Jioni akifika kwao huvua kiatu kwa kukikanyaga kisigino kwa mguu wa pili, maana kuinama tu ni kazi.

Anaishi na baba yake. Mzee huyu aliuza nyama miaka arobaini, na mtaa mzima unamwita Bucha hadi leo, ingawa kisu alishakiweka chini. Alikuwa na pua, huyo mzee. Watu walimletea hata nyama waliyoinunua kwa wenzake, anainusa mara moja tu, anasema "pika" au anasema "mpe paka," na hakuna aliyerudi kumlaumu.

Moyo ulipoanza kumsumbua, daktari akampa dawa za aina tatu na akampiga marufuku nyama yote, mchuzi wa mifupa ukiwamo. Hapo ndipo mzee alipogoma kula. Si kwa makelele. Anakaa mezani, anakigeuzageuza chakula, anasema chakula bila mfupa ni sawa na dawa, kisha anakunywa chai na nusu kipande cha mkate. Alikuwa na kilo sitini na nane. Miezi mitatu baadaye mizani ikasoma hamsini na tisa. Daktari akasema safari ijayo akishuka chini ya hamsini na nane atalazwa, atalishwa kwa mpira wa puani.

"Akilazwa hatoki," Kola aliniambia, pasi ikiendelea kwenda. "Mama aliingia pale kwa miguu yake."

Basi matumaini yake yote akayatia kwenye maharage. Kuna mpangaji mwenzao alihama akawaachia sufuria ya umeme, ile inayopika polepole kutwa nzima bila mtu kuisimamia. Sisi huku kazini tuliibatiza Kobe. Jioni Kola analoweka maharage meupe madogo. Alfajiri anayatokosa dakika kumi kwenye gesi, maana wanasema yakiingia humo bila kuchemka sawasawa yanaumiza tumbo, halafu anayahamishia kwa Kobe pamoja na kitunguu, saumu na maji. Anawasha moto mdogo, anaondoka. Kwa mujibu wa kijitabu chake, ukirudi jioni unakuta yamelainika, unatia nyanya ya kopo, sukari nyekundu, haradali na siki kidogo, unayaacha yashike rojo, unakula kama bwana mkubwa.

Kola alirudi jioni akakuta kokoto.

Mzee akaonja moja, akaliweka pembeni ya sahani. "Hayajaiva, mama. Nitakula kesho." Kesho yake yakawa yale yale, na mtondo wake. Mimi nikajifanya mjuzi, nikamwuliza kama anatia nyanya tangu asubuhi, kwa sababu nyanya hukaza maharage. Kumbe kweli alikuwa anazitia mapema, ili apumzike jioni. Akaacha. Yakabaki magumu. Nikamwambia basi ni ya zamani, yamekaa ghalani mpaka yamezeeka. Akabadilisha muuzaji, na huyu mpya akaapa kwamba ni ya msimu huu. Magumu. Mwisho akambeba Kobe mpaka kwa fundi umeme. Fundi akakaa naye siku mbili, akapikia maharage yake mwenyewe humo humo, akayala.

"Sufuria yako nzima," akamwambia. "Tatizo liko nyumbani kwako."

Niliposikia hivyo nilitaka kwenda kumjibu huyo fundi mwenyewe. Kola hakukasirika. Alinyoosha shati, akalikunja, akachukua jingine. Baadaye, tukiwa tumekaa juu ya furushi la mashuka tunakunywa maji, akaniambia neno ambalo lilimtoka kwa shida. Kuna siku, alisema, anatamani mzee alazwe tu, ili naye alale. Kisha akaona haya, akaniomba nisahau. Sijasahau, na simlaumu. Nami nina mama mkwe.

Ilipobaki wiki moja kabla ya siku ya kupima, mtambo wetu wa mvuke ukafa saa nne asubuhi. Pasi zikapoa zote, bosi akainua mikono, tukaambiwa twende nyumbani. Saa tano Kola yuko mlangoni kwao, saa ambayo hajawahi kuwa hapo siku ya kazi tangu aajiriwe.

Akamkuta baba yake jikoni, amekaa kwenye kigoda mbele ya Kobe. Mfuniko uko mkono wa kushoto, unachuruzika maji sakafuni. Uso ameuinamishia mvuke, macho amefumba.

"Baba, unafanya nini?"

Mzee akashtuka, akataka kuurudisha mfuniko ukamgonga vidole. "Naangalia."

"Unaangalia mara ngapi?"

"Mara moja moja."

Kola akatazama sakafu. Chini ya kigoda palikuwa na doa la maji lililosambaa mpaka ukutani, na kitambaa cha kufutia kilikuwa kimelowa chepechepe. Hiyo haikuwa mara moja moja. Akamwambia, na sauti ilimpanda, kwamba ile sufuria moto wake ni mdogo, ukiifunua joto lote linatoka, na inahangaika nusu saa nzima kulirudisha. Kwamba ndiyo sababu hayaivi. Kwamba amezunguka mji mzima na gunia la maharage kichwani kama kichaa.

"Nilidhani moto ni moto," mzee akasema. Alikuwa amezoea kufunua. Bucha haamini kitu kilichofunikwa, ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote.

"Kama hutaki chakula changu, niambie. Usiniharibie."

Mzee akaushusha mfuniko magotini. Halafu akasema, "Nanusa, mama. Nasubiri harufu."

"Harufu gani?"

"Yoyote. Tangu nianze zile dawa sisikii kitu. Si kitunguu, si sabuni. Siku ile gesi ilipovuja ukaingia unapiga kelele, mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa. Mdomoni nako ni hivyo hivyo. Natafuna kama natafuna karatasi."

Kola akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. "Sasa hiyo nyama unayoililia kila siku?"

"Nyama ni ya kusema tu. Watu wakisikia Bucha anataka nyama wanacheka, yanaisha. Nikisema Bucha hana pua, nimebaki na nini?"

Kola anasema alitaka kumkumbatia na alitaka kumtikisa, na kwa kuwa miguu ilikuwa inamuuma hakufanya lolote kati ya hayo. Alichukua mfuniko, akaufunika. Wakakaa. Ilibidi waanze kuhesabu saa upya, na kutwa nzima hakuna aliyegusa. Kila mzee aliponyoosha mkono, Kola alikohoa. Saa moja jioni akafunua, akaminya harage moja kati ya vidole likapasuka bila ubishi. Akatia nyanya, sukari, haradali na siki, yakashika rojo, akapakua bakuli moja akaliweka mbele ya mzee.

Mzee akachota kijiko, akakishika hewani. "Yana ladha gani?"

Sasa Kola ni mtu anayekula amesimama kwenye sinki, mkono mmoja unaosha sufuria. Ilibidi apakue lake, avute kiti. Akaonja. "Matamu."

"Matamu vipi? Chai nayo tamu."

"Sukari inatangulia. Halafu siki inakubana hapa chini ya taya. Haradali inakuja mwisho, inapanda puani. Harage lenyewe ni kama siagi, halina kazi ya kutafuna."

Mzee akatia kijiko mdomoni, akatafuna taratibu huku akimwangalia. Akameza. "Endelea."

Wakamaliza bakuli kwa mtindo huo. Kola anasema koo lilimkauka kwa kueleza. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na siku zilizofuata. Siku ya kupima, mizani ikasoma hamsini na tisa na nusu. Daktari alipoambiwa habari ya pua akawagombeza wote wawili kwa kuficha, akabadilisha dawa moja, akasema pua huenda ikarudi na huenda isirudi. Mzee akarudi nyumbani na binti yake.

Mnaweza kudhani basi mwenzangu amepumzika. Amepumzikia wapi? Amepata kazi ya pili. Anapiga pasi kutwa, akirudi anageuka kuwa ulimi wa baba yake. Juzi zilishuka sare za hoteli mpya, mashati mia mbili, na mtambo wenyewe unatema maji machafu kwenye kola nyeupe. Tulitoka pale hatusemeshani kwa uchovu. Alifika akakuta mzee keshatia nyanya na viungo, akapakua, akakaa, akaanza kama anasoma tangazo: sukari inatangulia, siki inabana, haradali inapanda puani.

Mzee akaweka kijiko chini. "Leo hayana haradali."

Kola akainuka nusu kitini. "Umesikia, baba? Pua imerudi?"

"Haijarudi. Kopo la haradali liliisha jana, nimelitupa mwenyewe." Akalitazama bakuli la binti yake, lililojaa bado, kijiko kikavu kando. "Hujaonja. Unanilisha maneno tu, mdomoni kwako hujatia kitu."

"Nimechoka, baba."

"Najua." Akasukuma lake mbele kidogo, akakunja mikono. "Kula kwanza. Mimi nasubiri."

Alinisimulia haya jana, pasi ikiwa imesimama wima katikati ya kazi, jambo ambalo sijaliona katika miaka kumi na mmoja. Anasema alikula bakuli zima huku analia, na baba yake hakumwuliza ladha.