Mtandao Ulionikimbia Gerejini

Maji ya ziwa yalipoingia nyumbani kwa mama mkwe wangu kule Mulongwe, alikubali kuja kukaa kwetu Kilibula kwa sharti moja tu: hatalala chini ya paa moja na mkwe wake. Kwetu jambo hilo halijadiliwi. Mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mkono, hawatazamani usoni, na chumba anacholala mmoja, mwingine hakanyagi. Nilikuwa na miaka ishirini ya ndoa na uso wake siujui vizuri. Niliujua mgongo wake, vitenge vyake, na kile kikohozi chake cha kuniarifu kwamba anapita.

Tulikuwa na gereji ya matofali nyuma ya ua, isiyo na gari. Mke wangu akaifagia, akaingiza kitanda na meza, na mama akahamia humo, nyuma ya mlango mpana wa chuma unaotazama nyumba yetu.

Shida ikawa mtandao. Kitindamimba wa mama mkwe anasoma Kinshasa, na kila jioni humpigia mama yake simu ya video. Boksi letu la wifi liko sebuleni, na wifi ilikuwa haivuki ua. Ili amwone mwanawe, mama alilazimika kuja kusimama ukingoni mwa baraza langu, mgongo amenigeuzia, kitenge kichwani, hata mvua ikinyesha. Aibu ilimla yeye, ikanila na mimi. Siku ya nne akamwambia binti yake: "Minye nitarudia kwangu. Kule maji iko, lakini reso pia iko." Reso ndiyo mtandao, na hakuwa akitania. Na ile nyumba, ukuta mmoja ulikuwa umeshalala chini.

Nikaenda Kimanga kununua repetita, kile kidude kinachochomekwa kwenye prizi ya umeme, kikapokea wifi na kuisukuma mbele. Mke wangu akakichomeka gerejini. Kesho yake mchana, nikiwa shuleni, ujumbe wake ukaingia: "Iko muzuri kabisa." Mimi ni mwalimu wa fizikia, niliwatambia wenzangu kana kwamba wifi nimeivumbua mwenyewe. Jioni nikarudi nyumbani, nikaambiwa imepotea. Siku iliyofuata ikawa vilevile: mchana iko, jioni hakuna.

Hapo udadisi ukanishika. Nilifungua daftari jipya nikaanza kuandika kila kitu: mvua, upepo wa ziwani, umeme kukatika, hata saa ambazo jirani huanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, juu ya wavu wake wa chuma. Hakuna kilicholingana na chochote. Jumamosi nilishinda nyumbani, na wifi ya gerejini ikakosekana kutwa nzima. Mke wangu alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Prof, si mvua wala umeme. Ni weye! Reso inakukimbia."

Nilikasirika sana, kwa sababu daftari langu nalo lilikuwa linasema hivyohivyo. Tena haikuwa siku ya kuchekeana: asubuhi ile mama alikuwa amelifunga godoro lake kwa kamba. Jumatatu anaondoka.

Jumapili nikatoka kwenda misa. Nilipovuka tu geti, nyuma yangu mlango wa gereji ukalia kriii, na papo hapo simu yangu, niliyokuwa nimeiunganisha na ile repetita, ikaanza kupokea jumbe mfululizo. Nikasimama. Nikarudi ndani ya ua: kriii, mlango ukafungwa, simu ikanyamaza. Nikatoka tena, kriii, jumbe zikaingia. Nilitoka na kuingia mara tatu, majirani waliovaa nguo za kanisani wakinitazama kwa huruma.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kila nilipofika nyumbani, mama alifunga mlango ili nisimwone amekaa. Kila nilipoondoka, alifungua apate hewa. Sauti ile ya mlango nilikuwa naisikia kila siku na sikuwahi kujiuliza inasema nini. Na kwamba bamba la chuma huzuia mawimbi, mimi ndiye ninayelifundisha kila mwaka ubaoni, tena kwa mbwembwe.

"Sasa unataka nimuambie mama aache heshima?" mke wangu akauliza.

Sikuthubutu. Baada ya misa nilitafuta kebo ndefu, nikaitoa kwenye boksi sebuleni, nikaizungusha ukutani mpaka nyuma ya gereji. Huko juu kuna matundu ya hewa. Nilipanda ngazi, uso nimeuelekeza kwenye mihogo ya jirani, nikawa naisukuma kebo ndani kwa kupapasa. Mke wangu alikuwa ameshika ngazi, kwa hiyo gerejini alikuwepo mtu mmoja tu.

"Mama, vuta!" akapaza sauti.

Kebo ikakazika mkononi mwangu. Mkono wa mama mkwe sikuwahi kuushika, na sasa nilikuwa nazisikia nguvu zake, polepole, mvuto baada ya mvuto. Nilifurahi kitoto kabisa.

Alipoichomeka kwenye repetita, nilirudi sebuleni nikampigia kujaribu. Nilipiga ya sauti, kwa adabu, lakini yeye kitufe alichofundishwa na mwanawe kilikuwa kimoja tu, cha video. Akakibonyeza, na uso wake ukajaa simu yangu yote: macho madogo ya mke wangu, na mashavu yake. Sikugeuka. Naye hakugeuka.

"Mukwe," akasema, "kumbe weye uko na mvi!"

"Ndiyo, mama," nikajibu nikitazama sakafu.

"Na minye nilikuwa nasema nasumbua batoto mu nyumba yao. Kumbe ni bazee benzangu!" Akacheka, picha ikatikisika. "Ambia mutoto wangu akuye, tufungue hii kamba ya godoro. Minye peke yangu siiwezi."

Jumatatu jioni nilipofika getini, mlango wa chuma ulilia kriii ukafungwa kwa heshima, kama kawaida. Nyuma yake nilimsikia mama anacheka na mwanawe wa Kinshasa.