Picha ya Uso Peke Yake

Ujumbe ulitoka Bukavu, kwenye simu. Kuna filamu itapigwa kando ya ziwa, wanatafuta waigizaji, na mwenye kutaka atume picha ya uso peke yake: mabega kwenda juu, ukuta mtupu nyuma, mwanga wa mchana, bila poda, bila kusafishwa kwenye kompyuta. "Tunataka kuona wewe ni nani," waliandika. Mimi naigiza na kikundi chetu hapa Baraka tangu nimalize shule. Nimecheza mke mwenye wivu, mchawi, mwizi wa kuku, na watu sokoni wamecheka mpaka wakasahau samaki wao juani. Lakini picha ya namna hiyo sikuwa nayo, na ile nafasi niliitaka sana.

Kwetu hakuna mtu anayependa kupigwa uso peke yake. Mtu amevaa kitenge kipya, amenunua na viatu, halafu umkate miguu? Mtagombana. Uso peke yake ni wa kadi ya uchaguzi, au ni wa kilio. Mtu akifa, familia inapeleka sura yake studio, inakuzwa, inawekwa kwenye kiti mbele ya waombolezaji, na inachapishwa kwenye fulana za ndugu. Kwa hiyo nilipomweleza mpiga picha ninachotaka, alishusha sauti.

"Pole sana, dada. Ni nani tena?"

"Hakuna mwenye amekufa. Ni mi ndiye nataka."

Alinitazama kama niliyemwagiza jeneza la kwangu mwenyewe. Kisha akafungua kompyuta. "Lakini ya kwako iko," akasema. "Si hii?"

Nilikuwa nimesahau kwamba angekuwa nayo bado. Yaya, dada yangu mkubwa, alipanda boti Kazimia kurudi nyumbani, na boti haikufika. Mwili hatukuupata. Simu yake yenye picha zake zote ilizama naye, na siku ya kilio hatukuwa na sura ya kuweka kwenye kiti. Mjomba akasema, si huyu mdogo wake wanafanana? Wakachukua picha yangu ya shule, iliyopigwa katika studio hii hii. Mpiga picha akanyoosha ngozi, akaweka mawingu nyuma, akaandika jina la yaya chini. Watu walilia mbele ya uso wangu huku mimi nikiwagawia chai. Damu ni moja, walisema, na hakuna aliyeona ajabu.

Zile fulana hazijaisha mpaka leo. Binamu yangu analima muhogo akiwa amenivaa, nimelowa jasho. Shangazi anayeuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, ananifunga kiunoni, na siku moja nimeona uso wangu ukifuta meza. Inaniudhi, na inanitia hofu pia, na sijui ni ipi inayotangulia.

Tulienda nyuma ya studio, kwenye ukuta uliopakwa chokaa, asubuhi kabla jua halijawa kali. Mpiga picha akaanza na mazoea yake. "Funga kinywa. Usicheke. Inua kidevu. Angalia mbali." Nikamwambia mbali siangalii, naangalia ndani ya mashine, na asinifunge kinywa, sijafa. Alipiga, tukatazama, tukafuta. Alipiga tena. Nilifikiria kila kitu tunachofundishana kwenye kikundi, njaa, wivu, mwanaume aliyeniacha akahamia Lulimba kuchimba dhahabu. Kila picha ilitoka yaya. Zamani hatukufanana hivyo. Ila tangu kile kilio, nikitulia mbele ya mashine, naanza kusubiri watu walie.

Jamaa akachoka. "Mukubwa wako hakunisumbua hivi," akasema.

"Mukubwa wangu hukumuona hata siku moja! Ulikuwa unapiga mi!"

Akabonyeza hapo hapo, kwa bahati au kwa akili, sijui. Kwenye kioo cha mashine nilimwona mwanamke amekunja uso upande mmoja, kinywa nusu wazi, jibu la pili tayari kwenye ulimi. Nilijijua. Nilifurahi mpaka nikamwomba msamaha kwa kelele zangu, na nikamwambia anitumie kwenye simu, na anitolee moja kwenye karatasi nimwonyeshe mama.

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Waje nyumbani kwetu. Ile picha yenye mawingu iko ukutani, na mama anaisalimia kila asubuhi kabla ya kunisalimia mimi. Sijawahi kumlaumu. Siku hiyo nilimpa picha mpya na nikakaa karibu naye, nikitaka kitu kimoja tu, aiangalie aseme jina langu. Alitoka nayo mlangoni penye mwanga.

"Amekomaa," akasema. "Angalia macho. Amekuwa mama mzima."

"Mama, ni mi huyo."

"Najua ni we ulienda studio." Aliongea taratibu, kwa upole, kama anavyobembeleza wajukuu. "Lakini ile ya ukutani ilikuwa inabaki kitoto. Nilikuwa najiuliza, atakuwa mutoto mpaka lini?"

"Na mi? Ya kwangu iko wapi?"

Alinigeukia, na nikaona kwamba swali lenyewe limemshangaza.

"We uko hapa," akasema. "Muntu mwenye iko, picha ya nini?"

Akaingia ndani kushusha ile ya zamani. Nilimsikia akipangusa ukuta, akimwambia yaya amependeza, amenenepa kidogo, na kwamba mdogo wake ndiye aliyemletea. Nilibaki mlangoni na simu mkononi, picha ile ile iko tayari kwenda Bukavu. Niliikuza kwa vidole, macho, kinywa, lile kunjo la hasira, nikijitafuta, na sikujiona tena. Nikaituma hivyo hivyo.