Shangazi na Seli Zangu

Kwa muda mrefu kijijini kwetu Kirongwe, kisiwani Mafia, nilijulikana kama askari magereza. Shangazi alinisikia kwenye simu nikisema nashinda na seli, akaelewa selo za wafungwa, akatangaza msibani kwamba mtoto wa kaka yake analinda wahalifu Dar es Salaam.

Nilipokuja likizo ya Idi nilimkuta uani anakuna nazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wafungwa wako hawajambo?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamweleza kwamba seli ni chembe hai za mwili. Kuna maradhi ya wanawake: nyama laini ya ndani ya mji wa mimba huota nje yake, pasipo pake, ikaleta maumivu makali. Maabarani tunazipanda chembe hizo kwenye ute mzito, ziishi karibu kama zinavyoishi tumboni, tuone zinavyoshika na kipi kitazizuia.

"Zinakula?"

"Zinakula, maji mekundu yenye sukari. Na zinakaa kwenye kabati lenye joto kama la mwili."

"Kama vifaranga. Leo nani anazilisha?"

"Mwenzangu."

"Ana huruma lakini?" Kisha akawaza. "Kwa hiyo zinaota zisikoruhusiwa. Si mngewaita wale wa hifadhi ya bahari? Wao kwa kukamata wavuvi hawajambo."

Ndani, binti yake alikuwa amelala, kanga imefungwa tumboni. Kila mwezi alilala hivyo kwa maumivu. Aliambiwa akiolewa yataisha, akaolewa, hayakuisha. Akauliza kupitia dirisha, "Hayo maumivu yakoje?"

Shangazi akaacha kukuna.

Nilisema mimi si daktari. Alipopata nafuu tukaenda naye hospitali Kilindoni, wakamsikiliza, wakampa rufaa ya Dar es Salaam. Huko ugonjwa ukaonekana kuwa ni huo huo. Akatibiwa. Maumivu hayakwisha kabisa, ila sasa anasimama na kufanya shughuli zake.

Shangazi, aliyekuja kumuuguza, hakukubali kurudi Mafia bila kuziona seli. Mkuu wetu akaruhusu. Tukamvika koti jeupe lililomfika miguuni, akainamia hadubini.

"Hizi ndizo zinazomliza mwanangu?"

"Mfano wake, shangazi."

Akazisonya, msonyo mrefu wa kutoka moyoni, mpaka mkuu wetu akaangusha kalamu.