Namba Isiyopewa Mtu

Jumamosi nilikuwa Mayfair, hapa Joburg, kwa kinyozi wangu, Mkongo wa Bukavu, nikisubiri zamu yangu. Televisheni ilikuwa ikimwonyesha beki mmoja wa Kitaliano aliyestaafu. Ndevu zake zimeshakuwa nyeupe, anatembea mtaani kwao na kila mtu anamsalimia.

"Huyu alichezaka mu ekipe ngapi?" aliuliza kinyozi, mashine ikiwa juu ya kichwa cha mteja wake, Mtanzania anayelinda duka la jumla mjini.

"Timu moja tu," akajibu mlinzi. "Ya mji aliozaliwa."

Kinyozi akazima mashine. "Moja? Hawakumutaka fasi ingine?"

"Walimtaka sana, kaka. Akakataa kuhama. Mpaka leo namba ya jezi yake hapewi mtu."

Kinyozi akaanza kuhesabu kwa vidole: Bukavu, Lubumbashi, Lusaka, Harare, Joburg. Mkono mmoja ukaisha. "Eish," akasema, akawasha mashine.

Hata mimi nina hesabu yangu. Nilipoondoka Tanga nilimwambia mama kwamba naenda kama mchezaji wa mkopo, msimu mmoja tu, halafu narudi. Misimu nimeacha kuihesabu.

Jioni nikampigia mama. Akaniambia nyumba imejaa wageni wa harusi, wengine wamelala chini kwenye mikeka.

"Na kitandani kwangu kalala nani?"

"Alale nani?" akafoka. "Kwani si chako?"